Mama Aliyekwenda Nchi ya Chumvi

Ujiji, 11 Februari 2024

Mjomba wangu Uwesu,

Shikamoo. Mimi mzima, na kila ninapopata nafasi nawaombea wewe na Mama Shamila muwe hivyo hivyo. Mguu wake umepungua uvimbe? Shamila alinipigia simu kutoka Dodoma akaniambia kwamba sikio lako la kulia nalo limezima, na sasa hata ukigongewa mlango huna habari. Nimesikitika sana. Halafu nikacheka, nisamehe, maana nilikumbuka bibi alivyokuwa akikwambia zile spika za banda la video zitakudai masikio siku moja. Basi, kama simu haikufai na meseji unasema herufi zake ni za kuchosha macho, nitakuandikia kwa kalamu na kumpa konda wa basi la Tabora. Huku shule mvua inatuvujia darasa la tano, watoto wanasogeza madawati huku wanaimba.

Habari kubwa unayo: baba yake Mfaume ameshaleta posa kwako na umeipokea. Mfaume mwenyewe anakusalimu. Tumepanga arusi iwe Tabora, tarehe 14 Disemba, shule zikiwa zimefungwa.

Mjomba, namtaka mama yangu siku hiyo. Nimeandika sentensi hii mara tatu kwenye karatasi nyingine nikazichana, sasa naiacha ilivyo. Nina miaka ishirini na sita. Nilikuwa na mitano alipoondoka. Sura yake siikumbuki vizuri, lakini barua zake ulizokuwa ukitusomea mimi na bibi Ijumaa baada ya alasiri nazikumbuka neno kwa neno. "Mwambieni Najiat kila nikipika wali namwekea ukoko." "Mwambieni Najiat nimeona mtoto sokoni mwenye mwendo kama wake, nikamfuata hadi mtaa wa pili." Mtu aliyeandika hivyo hawezi kukataa kuja kuniona naolewa. Ni aibu tu ya miaka mingi inamzuia, na mimi ndiye mkubwa sasa, nimfuate.

Najua yuko Nzega. Niandikie mtaa na jina la mume wake, nitakwenda likizo ya kwanza nitakayopata.

Umeona picha gani karibuni? Bado unabishana na televisheni?

Mpwa wako,
Najiat


Tabora, 3 Machi 2024

Mpwa wangu Najiat,

Marahaba. Barua yako ilifika ikinuka dagaa, nadhani konda aliiweka kwenye mzigo wa mtu. Sisi hatujambo. Mguu wa Mama Shamila umepona, ulimi haujapata kuugua. Mtaa wetu wa Kanyenye ni ule ule: bodaboda wameongezeka, na sasa naogopa kuvuka barabara kwa sababu siwasikii, wao wanadhani nina kiburi. Ramadhani iko mlangoni.

Mfaume nimemkubali. Nilimuuliza baba yake kijana anapenda picha za aina gani, akasema hana muda wa picha, ni muuguzi. Nikaona ana kasoro moja, lakini hakuna binadamu aliyekamilika.

Umeuliza nabishana na televisheni. Nabishana sana. Sauti siihitaji, pale banda la video sauti ya kutafsiri nilikuwa mimi. Nakaa na kikombe changu cha kahawa, naangalia midomo inavyokwenda, natafsiri moyoni. Ila mwanangu, picha za mashujaa zimeharibika. Zamani stelingi alikuwa mmoja, adui mmoja, tunajua nani tumshangilie. Sasa mashujaa wako kumi na wawili, kila mmoja na nguo yake ya kubana, wamejaa kwenye kioo kama abiria waliokosa treni. Wanapigana juu ya maghorofa, mji unaanguka wote, halafu mwisho wanasimama mstari wanatabasamu. Hakuna hata mmoja anayeshika ufagio! Ndiyo maana mimi pale bandani nilikuwa naongeza la kwangu kwenye maiki: "Kesho yake walirudi wote wakafagia, na yule mwenye nguvu akabeba zege." Watu walikuwa wanapiga makofi hapo kuliko kwenye ngumi.

Tena stelingi wa siku hizi hali chakula. Umewahi kumwona anakula ugali, au hata mkate? Mtu asiyesikia njaa simwamini. Na hilo la kuruka nalo linanikera. Mtu amepewa uwezo wa kuruka, anaruka kwenda kupigana tu. Sijaona mmoja anayeruka kwenda kumwona mama yake.

Katuni za hadithi, za mabinti wa wafalme na wanyama wanaosema, hizo bado nazipenda. Shujaa ni mtu anayeweza kila kitu, sasa utamwonea wasiwasi gani? Kwenye katuni unaona mtoto asiyeweza chochote anafungua mlango anatoka peke yake. Hapo roho inaniruka mpaka leo, mzee mzima.

Kuhusu Nzega, tutazungumza. Nzega imekuwa kubwa, watu wa dhahabu wamejaa, mitaa imebadilika majina. Usiharakishe. Fanya kwanza maandalizi yako.

Mjomba wako,
Uwesu


Ujiji, 21 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Idi yetu ilikuwa njema. Mfaume alikuwa zamu hospitali, nilimpelekea pilau akala amesimama. Wewe ulikula nini? Natumaini Mama Shamila hakukuficha nyama kwa ajili ya presha.

Mjomba, nimeiona ile katuni ya binti na korongo.

Mwalimu mwenzangu Recheli ana kompyuta, na siku ya kufunga kwa likizo fupi tuliwaonyesha watoto ukutani. Nilipoona kinu cha upepo na yule korongo mweupe juu ya paa, nilisimama. Niliwaambia watoto, hii naijua, hii niliiona banda la video la mjomba wangu zaidi ya mara ishirini. Nikakaa nyuma nikisubiri uanze kusema. Na wewe hukuwapo, walikuwapo wao wenyewe na Kiingereza chao, na mimi Kiingereza ndicho ninachofundisha.

Mama wa yule binti anakufa dakika ya saba. Dakika ya saba, mjomba! Anampa binti kitana, analala, mshumaa unazimika. Wewe hapo ulikuwa ukisema: "Mama akasema, mwanangu, nakwenda nchi ya chumvi, usiku huu huu, tarishi wangu ni korongo, ukimwona jua nimetuma salamu." Kila mtoto wa Kanyenye alijua nchi ya chumvi ni Uvinza. Kila korongo niliyemwona mimi nilimpungia mkono.

Na mwisho wake sikuwahi kuuona. Korongo anampeleka binti juu ya kilima, wewe unasema kwa sauti kubwa, "Mama huyooo, anakuja!" na papo hapo jenereta linazima. Kila mara. Ulikuwa ukisema mafuta yamekwisha. Sasa nimeona kilichoko juu ya kilima. Ni kaburi, lina maua. Binti anaweka kitana pale, anageuka, anarudi nyumbani peke yake. Watoto walilia, mimi nililia kuliko wao, mpaka Recheli akanitoa nje.

Nakubaliana nawe kwamba katuni zinawazidi mashujaa wako, lakini nazo zina uongo wao. Siku hizi adui ana sababu za kuwa adui, alinyimwa kitu utotoni, na kabla picha haijaisha anasamehewa kwa wimbo mmoja. Mimi sijapata kumwona mtu amesamehewa kwa wimbo.

Sikasiriki kwa ajili ya korongo. Nilikuwa mtoto, ulinionea huruma. Lakini tangu siku ile jambo moja linanikosesha raha. Kama picha ulinitafsiria hivyo, barua za mama je? Naomba unitumie zenyewe. Nataka kuona mwandiko wake.

Na mtaa hukunitajia.

Najiat


Tabora, 23 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba, na Idi ya kuchinja imepita salama. Nimechelewa kukujibu miezi miwili. Ningesema nilikuwa naumwa, lakini Mama Shamila anasoma barua zangu kabla sijazifunga, ataniumbua. Sikuumwa. Nilikuwa nakaa mezani na kalamu, halafu nakwenda kununua kahawa.

Mbuzi alikuwa mdogo, tukashukuru. Nilidhani utakuja likizo hii ya Juni. Nimesikia umebaki kwenye kambi ya darasa la saba.

Sasa sikiliza. Wewe unafikiri mtafsiri wa banda la video ni mtu wa kamusi. Kiingereza changu kilikuwa cha shule ya msingi, na picha zenyewe nyingine zilikuwa za Kichina. Nilikuwa naziangalia kwanza peke yangu asubuhi, bila watu, najiuliza: hawa wana shida gani? Nikishaijua shida, maneno yanakuja yenyewe. Watu hawakulipa kiingilio wasikie Kiingereza kimesemwa kwa Kiswahili. Walikuja wasikie habari yao. Adui nilimpa jina la Bwana Afya, yule wa kutoza faini, stelingi nikamwita Luhende, mjomba wa Igunga, na watu wakaelewa.

Na wewe ulikuwa umekaa benchi la mbele, miguu haifiki chini. Mama yako alikuwa ameondoka mwaka mmoja. Nilishika maiki, mshumaa ukazimika kwenye kioo, ukageuka ukaniangalia. Ungekuwa wewe ungesema nini? Ungesema amekufa, kwa spika, mbele ya watu arobaini? Nilisema lililokuja. Siku ya pili ukarudi, nikalazimika kulisema tena.

Barua zimo ndani ya sanduku la marehemu bibi yako. Ufunguo nautafuta.

Mjomba wako


Ujiji, 7 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, nawe uwe mzima.

Sanduku la bibi halikuwahi kuwa na ufunguo. Lilikuwa linafungwa kwa kipande cha kanga.

Hujajibu nilichouliza. Umejibu vizuri sana, kama kawaida yako, lakini umejibu jambo lingine. Nitakwambia kitu nisichokipenda kwenye picha za mashujaa, kwa kuwa wewe ulitoa vyako. Stelingi anaficha yeye ni nani, anamdanganya mtu anayempenda, na anasema ni kwa kumlinda. Anamwacha anasubiri chakula kinapoa, anakuja na jeraha, anasema ameanguka. Na picha nzima inatutaka tumwonee huruma yeye! Hakuna anayemuuliza aliyedanganywa. Mimi niko upande wa aliyebaki na chakula mezani.

Mtihani wa darasa la saba ni tarehe 11 na 12 Septemba. Baada ya hapo nina likizo. Dada yake Recheli, Julieth, anaishi Nzega, amekubali nikae kwake. Nitakwenda, na mtaa au bila mtaa. Nitasimama sokoni niulize mwanamke anaitwa Maua, wa Tabora, aliyeacha mtoto.

Nina hamu naye mjomba. Sijui niiseme vipi zaidi ya hivyo. Wasichana wenzangu wote walipovunja ungo, walipofaulu, walipochumbiwa, kulikuwa na mtu wa kwanza kuambiwa. Mimi nilikuwa nakwambia wewe, halafu naenda nyuma ya nyumba namwambia na yeye, kimoyomoyo.

Najiat


Tabora, 25 Agosti 2024

Mwanangu Najiat,

Marahaba. Barua hii Mama Shamila hajaisoma. Nimemwomba anipishe chumba na amenipisha.

Nimefunga ndani ya bahasha barua tatu. Ndizo zote. Wewe unakumbuka nyingi, nadhani nilikusomea kumi na moja au kumi na mbili, lakini kutoka Nzega zilikuja tatu. Utaziona mwenyewe, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Ya kwanza anaomba apelekewe cherehani na kanga zake mbili. Tulizipeleka. Ya pili anasema ameolewa na bwana mmoja anaitwa Mahona, anauza vipuri vya baiskeli, mtu mwema, na kwamba bwana huyo alipomuuliza, yeye alisema hana mtoto na wazazi wake wamekufa, kwa hiyo tusimtume mtu. Ya tatu anasema barua yangu ilimfikia Mahona kwanza, ikabidi aseme ni ya mteja, tafadhali nisiandike tena. Hapo ndipo zinapoishia.

Wewe hutajwi, mwanangu. Nimezisoma mara nyingi kuliko unavyofikiri, nikitafuta hata mahali alipoanza kuandika jina akafuta. Hakuna.

Ijumaa ile ya kwanza ulikuwa umeoga, umekaa mkekani karibu na bibi yako, umekunja mikono unasubiri. Nilifungua karatasi nikasoma cherehani, nikasoma kanga, nikaona macho yako bado yananiangalia. Nikaendelea kusoma. Mdomo wangu ulishazoea, Najiat. Saa mbili kabla yake nilikuwa bandani nawasemea watu wa kwenye kioo wasionisikia. Nikasema habari ya ukoko. Ulicheka ukamwangalia bibi yako, na mimi nikafurahi kama mpumbavu. Ijumaa ya mwezi uliofuata ukaoga tena.

Nyingine zilikuwa karatasi tupu, nyingine ni risiti za mafuta ya jenereta. Bibi yako alijua. Hakuniuliza hata siku moja, ila ikipita miezi mingi alikuwa anasema, "Uwesu, hivi Nzega hawajaandika?" Alipofariki mwaka juzi nilimtuma mtu kwa Maua. Sijui kama ujumbe ulifika. Hakuja.

Wewe unakwenda Nzega kumtafuta mwanamke niliyemtunga mimi. Huyo wa ukoko ni mimi, wali nilikuwa naupika mimi. Huyo aliyemfuata mtoto sokoni ni mimi, siku uliyokuwa Sikonge kwa shangazi yako, nikaona mtoto ana gauni kama lako. Kila neno la mapenzi ulilolisikia Ijumaa lilikuwa la kweli, lakini halikuwa lake. Naona haya. Nilitaka usilale na njaa ya mama, na nimekulisha kitu ambacho leo kinakuumiza zaidi.

Mtaa ni nyuma ya stendi ya zamani, duka la Mahona, cherehani iko barazani. Nimekuandikia kwa sababu uliuliza na ni haki yako. Lakini nakusihi usiende. Mahona akijua, nyumba ya mama yako itavunjika. Na wewe akikugeuzia uso, mimi sitakuwa na maneno ya kulifunika hilo.

Kama hutaki tena niwe wa kukukabidhi kwa mume siku ya arusi, nitaelewa.

Uwesu


Nzega, 24 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia kwa haraka, nimekaa kwa Julieth, konda wa basi la saa saba ananisubiri. Wote hapa wazima.

Barua yako niliisoma nikakaa siku nne bila kumwambia Mfaume. Nilikuchukia, nakwambia wazi. Halafu nikasikia hamu na wewe, halafu nikakuchukia tena. Ijumaa nilipita Tabora kwenye basi saa tisa mchana, abiria wakashuka kununua asali, mimi sikushuka. Niliogopa nikikuona nitageuka nyuma.

Jumamosi nilikwenda. Nilinunua kitambaa cha zambarau cha gauni la sendofu, la kuagwa nyumbani, nikaenda barazani kama mteja. Alikuwa pale, mjomba. Ni mwembamba, ana pua yako. Anashika pini mdomoni, anaongea nazo. Mahona alikuwa ndani anafunga tairi, ameacha redio. Nilisema naitwa Adelina. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, nikasema naitwa Adelina na nataka gauni la mikono mirefu.

Akanipima. Mabega, kifua, mkono. Vidole vyake vilipita shingoni kwangu kuvuta tepu. Nilisimama wima nisije nikapumua vibaya akaondoa mkono. Akauliza nimetoka wapi, nikasema nafundisha Ujiji. Na kwetu? Tabora. Tabora ya wapi? Nikasema Kanyenye. Tepu ikakaa pale begani muda. Halafu akauliza, bila kuniangalia, kama nyumbani wote wazima. Nikamwambia wazima, ila bibi yangu tulimzika mwaka juzi, Bibi Mwanajuma.

Alizitoa pini mdomoni moja moja akazipanga mezani. Akasema, "Mungu amrehemu." Kisha akanipima tena mabega, kama aliyesahau namba. Akaniambia gauni nichukue Jumanne. Hakuuliza kingine, hata jina la mama yangu hakuuliza.

Leo Jumanne nimekwenda saa nne. Gauni limetundikwa, limepigwa pasi. Yeye hayupo. Mahona ananiambia, "Fundi amepanda basi la alfajiri, amekwenda Tabora. Anasema amefiwa na mama yake." Mzee wa watu amechanganyikiwa. Ameniambia, "Miaka ishirini naishi naye, nilijua mama yake alikufa kabla sijamwoa." Akanitazama kama mimi ningeweza kumweleza. Nilichukua gauni nikamwambia pole, baba.

Mjomba, kama hajafika kwako basi anakuja. Ningeweza kupanda basi hili hili pamoja na barua, mwendo wa saa mbili tu niko hapo. Naogopa. Pengine anataka kumlilia mama yake peke yake. Pengine akiniona mlangoni atageuka, na nitakuwa nimemfukuza kaburini pia. Ningepiga simu kwa Mama Shamila, lakini jambo hili sitaki lipite mdomoni mwa mtu. Wewe utakuwa naye, utamwona. Niandikie: nije au nirudi Ujiji? Nitakaa hapa hadi kesho. Usinifariji. Niandikie kilichopo.

Najiat


Tabora, 24 Septemba 2024, alasiri

Najiat,

Marahaba mwanangu. Konda amenikabidhi barua yako mkononi, nimemwambia asiondoke na basi la kurudi bila kupita hapa. Mama Shamila anakusalimu, ameshinda jikoni anapika vitu vingi kuliko watu waliopo.

Amefika saa tatu asubuhi. Aligonga, sikusikia, nilikuwa barazani kwa ndani naangalia mashujaa wangu. Nilipogeuka alikuwa amesimama mbele ya televisheni. Nimezeeka, hakunijua mara moja. Mimi nilimjua.

Tumekwenda makaburini, tumemwombea mama yetu, tumerudi. Sasa amekaa mbele yangu. Barua yako imenikuta naye, nikaisoma, nikamkabidhi naye asome. Amesoma taratibu. Amerudia ukurasa wa pili.

Baada ya hapo ameongea. Ameongea sana, Najiat, pengine nusu saa, huku akipiga goti lake kwa ngumi. Nimeona mdomo wake ukienda, nimeona jina lako limepita mara tatu, hilo nalijua kwenye midomo. Mengine sikuyapata hata neno. Mama Shamila alitaka kunieleza kwa ishara, nikamkataza. Ningeweza kukuandikia hapa amesema nini, na kingekuwa kizuri, na ungelia kwa furaha. Sitaki. Umeuliza uje au usije, na mimi si mtu wa kukujibu hilo.

Nimemsukumia karatasi na kalamu. Ameandika, ameinuka, amekwenda kusimama uani. Hapo chini ni mwandiko wake, sikuongeza nukta.


Najiat, gauni limekukaa? Mabega niliyapima mara mbili na bado sina hakika. Kama linabana njoo nalo huku kesho. Nimekuachia nafasi kwenye mishono, nitakufungulia. Mimi sirudi Nzega mpaka nilione mwilini mwako.